Pikipiki iliyonizidi umri

Naishi Mountain View. Kabla hamjaanza kunitumia CV zenu, ni Mountain View ya Waiyaki Way, hapa ukishapita Kangemi, si ile ya California yenye makao makuu ya Google. Ile yao ina magari yanayojiendesha yenyewe. Ya kwetu ina mimi, nikisukuma pikipiki ya mwaka 1989 kupanda mlima kwa sababu imekataa kuwaka.

Kwa hivyo wiki hii hakuna msimbo. Mliokuja kutafuta sehemu ya tatu ya mada ya hifadhidata, nisameheni, itakuja. Leo nataka kuongea kuhusu pikipiki hiyo, maana wenzangu kazini wamechoka kusikia habari zake na nyinyi hamwezi kunikimbia (sawa, mnaweza, lakini sitajua).

Ni Kawasaki GPX250R. Wamarekani waliiita Ninja 250R. Namba yake ya kiwandani ni EX250, na kwa kuwa wasomaji wengi hapa ni watu wa toleo na namba, nitawapa historia yake. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1986. Mwaka 1988 ikavalishwa nguo mpya, na huko Marekani nguo hizo hizo ilivaa mpaka mwaka 2007. Waliokuwa wakibadilisha ni rangi na stika tu. Karibu miaka 20! Katika muda huo huo Microsoft walitoka Windows 2 wakafika Vista. Sijui ni programu gani niliyoandika mimi ambayo itabaki hata miaka miwili bila mtu kuingia ndani na kuichafua, na mara nyingi mtu mwenyewe huwa ni mimi.

Nguo zenyewe ndizo tatizo, au ndizo utamu, inategemea unamuuliza nani. Ni plastiki nyekundu kuanzia mbele hadi chini ya injini, yenye kona ambazo hazikuamua kama ziwe kali au za mviringo. Taa ya mbele ni ya mstatili, kubwa, kama televisheni ndogo ya zamani. Ubavuni kuna mistari ya kijivu iliyolala mshazari, kukuonyesha kwamba kitu hiki kinakwenda mbio hata kikiwa kimeegeshwa. Rimu ni nyeupe, rangi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuona matope ya Nairobi angeweza kuichagua. Kioo cha kukinga upepo kimekuwa cha manjano kidogo kama meno ya mzee mvuta sigara.

Mkumbuke kurasa za intaneti za miaka ya 1990, zile zenye vitufe vilivyoinuka na maandishi ya kumetameta. Wakati ule zilionekana za kisasa kabisa. Halafu zikawa aibu, kila mtu akazificha. Sasa ukiiona moja bado inafanya kazi unatabasamu, kwa sababu haijaribu tena kumvutia mtu yeyote. Pikipiki yangu imefika hatua hiyo. Mwaka 1988 ilikuwa kijana wa 250cc aliyevaa suti ya kaka zake wakubwa wa 750 na 1000, akitumaini wasichana hawatauliza ana umri gani. Leo suti imepitwa na wakati, kaka wakubwa wamestaafu, na yeye bado anatembea nayo mjini bila wasiwasi.

Si Kawasaki peke yao. Ule ulikuwa wakati wa wazimu huko Japani. Sheria ya kule inataka pikipiki kubwa zipelekwe ukaguzi wa gharama kila baada ya muda, lakini zisizozidi 250cc zimesamehewa. Basi viwanda vyote vinne vikaanza kumimina ujuzi wao wa mashindano ndani ya vijipikipiki vidogo. Suzuki wakatoa RG250 Gamma mwaka 1983, fremu ya aluminiamu kama ya mbio za kweli. Honda wakaja na NSR250R mwaka 1986, na mwaka 1990 wakatoa CBR250RR, yenye silinda nne ambazo kila moja ni ndogo kuliko kikombe cha chai, na mshale wa mizunguko ambao alama nyekundu yake inaanzia 19,000 kwa dakika. Gari la kawaida linaanza kulia likifika 6,000. Ukisikiliza sauti ya hiyo Honda unadhani kuna mtu anapasua turubai kubwa sana.

GPX yangu si ya ukoo wa kifalme namna hiyo. Ina silinda mbili tu, jumla 248cc, na alama nyekundu iko 14,000. Ilikuwa pikipiki ya wanafunzi na watu wa bajeti. Lakini ndiyo iliyofika Loresho, na mzee mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao aliniuzia kwa shilingi 120,000 mnamo Februari 2024. Ilikuwa imekaa chini ya turubai miaka mingi. Nilipoiona tu nilijua nimekwisha.

Kwa nini? Nimejaribu kujieleza mara nyingi. Tangu serikali iliposamehe VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, barabara zetu zimejaa boda, na boda karibu zote ni za sura moja: taa, tangi, kiti kirefu, injini inayopozwa na upepo. Ni mashine nzuri, naziheshimu, zimesomesha watoto wa watu. Lakini zimeundwa kwa ajili ya kazi, na inaonekana. Pikipiki yangu iliundwa na mtu aliyekaa kwenye meza yake ya kuchorea akiota ndoto. Ndoto yenyewe ya kizamani, imejaa mistari ya mshazari, lakini ni ndoto.

Nikisimama kwenye taa za Westlands, watu wa boda huja kando yangu na kuikagua juu hadi chini.

"Buda, hii ni ya sinema gani?"

"Ni ndugu mdogo wa ile ya Top Gun," huwa nawaambia. Si uongo. Ile ya sinema ya mwaka 1986 ilikuwa Kawasaki GPZ900R. Ya kwangu ni robo na kidogo ya ile.

"Inafika ngapi?"

Hapo ndipo ninapobadilisha mada. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa imepungua kwa takriban moja ya tano. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli ile ile iliyozoea kumwaga kule pwani, injini inakunywa kuliko inavyoweza kuunguza, plagi zinakuwa nyeusi, na nguvu ambazo hazikuwa nyingi zinapungua tena. Pikipiki za kisasa zina kompyuta inayopima hewa na kurekebisha. Yangu inanihitaji mimi na bisibisi. Nilitumia Jumamosi sita nikizunguka Grogan kutafuta jeti ndogo za kabureta mbili za Keihin, na fundi aliyenisaidia alikuwa akizishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika yai la ndege. Siku tulipopata zilizofaa, injini ilipita mizunguko 9,000 kwa mara ya kwanza bila kukohoa. Huko juu sauti yake inabadilika kabisa. Chini ya hapo ni cherehani. Juu ya hapo... nyinyi nendeni tu mkasikilize.

Na kitu kizuri ni kwamba yote haya yanatokea ukiwa 60 au 70. Umeinama juu ya tangi, mshale unapanda, plastiki inatetemeka, unabadilisha giya kama uko Suzuka, halafu matatu ya Kikuyu inakupita kondakta akiwa amening'inia mlangoni anakula mahindi.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo.

Mama yangu hakujua. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani kule Bungoma, na alikuwa na Yamaha ya kazi. Mwaka 1996 alianguka nayo usiku barabara ya Webuye. Alipona, lakini mguu mmoja ukabaki mfupi, na mama ndiye aliyemuuguza mwaka mzima, mwaka ambao mwisho wake alikuwa na mimba yangu. Nimekua nikisikia kwamba katika nyumba yake mtoto hataingia na pikipiki. Si ombi wala ushauri. Ni mwalimu mstaafu, hana ushauri, ana kanuni.

Kwa hivyo nilimdanganya kwa miezi minane. Akipiga simu nikiwa nimeshika helmeti, nilimwambia niko kwenye matatu. Mara moja aliniuliza mbona kumetulia hivyo kwenye matatu hiyo, nikasema dereva ameokoka.

Oktoba 2024, mvua za vuli zilipoanza, nilikuwa narudi nyumbani jioni. Manyunyu tu, hata barabara ilikuwa haijalowa sawasawa. Niliacha Waiyaki Way kuingia barabara ya pembeni karibu na Kangemi, mwendo labda wa 25. Sikufunga breki kwa nguvu. Sikufanya ujinga wowote, na nimelirudia tukio hilo kichwani kama mtu anayesoma logi ya seva iliyoanguka, mstari kwa mstari. Gurudumu la mbele liliondoka tu, kama zulia linapovutwa chini ya miguu yako. Niliweka mkono wa kulia chini. Watu wa boda wa hapo stejini ndio walioniinua, wakaiinua na pikipiki, na mmoja akaniendeshea hadi nyumbani kabla ya kunipeleka hospitali. Hakutaka pesa. Alisema alikuwa akitamani kuiendesha tangu aione :-)

Kifundo cha mkono kilivunjika. Plasta wiki sita. Kwa mtu anayekula kwa kuchapa, mnaweza kufikiria. Nilijifunza kuandika msimbo kwa mkono wa kushoto, na mabano ya kufunga niliyosahau wiki hizo bado yanaokotwa na wenzangu hadi leo.

Dada yangu alimwambia mama kwamba nimeanguka. Hakumwambia nimeanguka na nini. Mama alipanda basi la usiku kutoka Bungoma, na alfajiri alikuwa mlangoni na kuku wawili, mmoja hai. Alinipikia uji, akafua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi, kisha akatoka nje kwenda kuzianika. Kule nyuma ndiko ilikokuwa, chini ya turubai yake. Turubai zuri la kuanikia mahindi, kwa macho ya mama. Nilisikia likivutwa.

Kimya kilikuwa kirefu. Nilibaki kitandani nikisubiri. Alirudi ndani akaketi kwenye kiti cha kompyuta yangu, akaniangalia mkono, akaniangalia usoni.

"Miezi mingapi?"

"Minane, mama."

"Umenidanganya miezi minane," alisema polepole, "kwa ajili ya kitu kibaya namna ile?"

Nilicheka. Sikukusudia, ilitoka tu, na mkono ukauma. Yeye hakucheka. Akasema angalau ingekuwa nzuri, angalau ingekuwa kitu ambacho mtu anaweza kuelewa kijana kichwa kumwendea kasi. Lakini lile! Linafanana na redio ya kaseti! Halafu akaanza kulia, na hapo kucheka kote kukaisha.

Sitaandika yote tuliyoongea. Nitasema tu kwamba kwa siku mbili nilikuwa na hakika nitaiuza. Nilikuwa hata nimeshaandika tangazo, kwa mkono wa kushoto.

Siku ya tatu mjomba akaja. Alikuwa na shughuli zake mjini, na nadhani mama alimwita makusudi, aje na ule mguu wake kama ushahidi. Alitoka nyuma akachechemea kuizunguka pikipiki mara mbili bila kusema neno. Hakuangalia plastiki wala stika, mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyapigia msasa na kuyapaka nta kila Jumapili. Alichutama kwa shida, akashika gurudumu la mbele, akakwaruza mpira kwa ukucha.

"Hii tairi ni ya lini?"

Nilimwambia bado ina meno mazuri, karibu kama mpya.

"Sikukuuliza meno. Nimekuuliza ni ya lini."

Aliniita nisome ubavuni, macho yake hayaoni herufi ndogo. Kuna msimbo pale, huanza na DOT, na tarakimu za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: wiki na mwaka. Ikiwa tarakimu ni nne, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yangu ilikuwa na tarakimu tatu. Nilidhani moja imefutika. Haikuwa imefutika. Kabla ya mwaka 2000 walikuwa wakiandika tarakimu moja tu ya mwaka, 8 kwa maana ya 1998, au 1988, utajua mwenyewe. Ndiyo, wasomaji wangu. Mdudu wa Y2K, kwenye tairi. Nimesomea sayansi ya kompyuta miaka minne pale Chiromo, nimewacheka wazee waliohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, na nilikuwa nimepanda mwaka wenye tarakimu moja kwa miezi minane bila kuusoma.

Mpira ukikaa hivyo unakuwa mgumu. Kwenye lami kavu hutajua. Kwenye manyunyu ya kwanza, yanapochanganyika na mafuta na vumbi la miezi yote ya kiangazi, ni kama umevaa viatu vya soli ya mbao kwenye sakafu iliyopigwa sabuni. Mjomba akaenda kwenye mipira ya breki, akaikunja, ikaonyesha nyufa ndogo ndogo. Hizo pia ni za zamani kama pikipiki yenyewe.

Hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Nilikuwa nimependa uzee wa kitu hiki, nikaona nimeuelewa kwa sababu nilikuwa nauona: taa ya mstatili, mistari ya mshazari, kioo cha manjano. Uzee huo haudhuru mtu. Uzee mwingine ulikuwa mweusi, kimya, na una meno mazuri. Tunafanya hivyo hivyo kazini. Tunacheka ukurasa wenye vitufe vya kizamani, tunaupaka rangi mpya, na chini yake kuna maktaba ambayo hakuna mtu ameigusa tangu aliyeiandika ahamie Kanada.

"Na wewe," nilimuuliza mjomba, "ilikuwa tairi?"

"Mimi ilikuwa busaa," alisema, akaangalia mlangoni kama mama anasikia. "Dada yako mkubwa — mama yako — anadhani ilikuwa ng'ombe. Muache na ng'ombe wake."

(Alinipa ruhusa kuandika hili. Mama hasomi huku. Mama, kama unasoma, shikamoo.)

Kupata tairi mpya kulichukua miezi mitatu. Rimu za GPX ni za inchi 16, mtindo wa miaka ya 1980 uliokufa nayo, wakati boda hapa ni 17 au 18. Nilitafuta 100/80-16 ya mbele na 130/80-16 ya nyuma Kirinyaga Road yote, na kila duka liliniambia nirudi wiki ijayo kwa ule uungwana wetu wa kutokusema hapana. Mwishowe rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Dubai aliniletea zote mbili kwenye mzigo wake, zimefungwa kwa karatasi ya plastiki kama sufuria kubwa za harusi. Nilisoma tarakimu kabla hata ya kumsalimia. Nne.

Mipira ya breki niliibadilisha yote. Plastiki sikuigusa. Ubavu wa kulia una mkwaruzo wa Kangemi uliokata mistari ya kijivu katikati, na fundi alitaka kuupaka rangi, nikamwambia aache.

Mama ana kanuni mpya sasa. Hakuna usiku. Hakuna mvua. Glavu na koti hata nikienda dukani, na nikifika popote nipige simu. Kuhusu kama ameniruhusu, hajasema, na mimi si mjinga wa kuuliza.

Jumapili iliyopita nilipanda nayo hadi Limuru, asubuhi, kabla malori hayajaamka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na mshale ulikaa juu ya 9,000 kwa kilomita nzima. Niliegesha, nikavua glavu, nikapiga simu.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Na ile redio yako?"

"Nayo imefika."